Plati Moja kwa Videvu Viwili

Mlikuja watatu wiki iliyopita, mmevaa makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, mkaniuliza swali moja kwa sauti tatu: Mzee, ni kweli waya na plati za meno hubadilisha sura ya kijana, au sura hubadilika yenyewe anapokua? Niliwajibu kwamba nitaandika, maana nilikuwa nakula. Sasa nimeshiba, naandika.

Nimefanya kazi ya meno miaka thelathini na minne, nusu Kibondo na nusu Kasulu. Cheo changu kilikuwa tabibu wa meno, lakini wagonjwa waliniita daktari na sikuwahi kuwakatalia. Mtu akikupa heshima usiyostahili, ipokee kwanza, masahihisho yatafuata. Yangu yalichukua muda mrefu kidogo, na aliyekuja kunisahihisha alikuwa muuza dagaa.

Nilipoanza Kibondo kazi yetu ilikuwa kung'oa. Unaingia na jino bovu, unatoka na pengo, tunaagana kwa amani. Meno yaliyopangana vibaya hayakuwa ugonjwa, yalikuwa ukoo. Mtoto mwenye meno ya mbele yaliyotangulia aliambiwa amemrithi babu yake, na babu mwenyewe akiwepo alitabasamu kwa fahari, ingawa midomo haikufungika tena baadaye.

Aliyenifundisha kazi ya mikono ni Mzee Ruhaga, fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na kopo la shaba lenye mfuniko wa kubana, ndani yake anaweka plasta ya jasi na ule unga wa pinki uliochanganywa na maji yake yanayonuka mpaka barabarani, kisha analichemsha kopo zima kwenye sufuria. Akipika meno, majirani walijua hata asipowaambia. Neno alilopenda kunirudia ni moja: usiharakishe moto. Mimi nilidhani ni falsafa ya maisha, kumbe alimaanisha moto.

Chini yake ndiko nilikofanya kosa langu la kwanza kuhusu kukua. Mvulana mmoja wa miaka kumi na miwili alivunjika meno mawili ya mbele kwa kuanguka na baiskeli iliyobeba mihogo. Nikamtengenezea meno ya bandia, mazuri, yanayong'aa, yamekaa barabara. Nilimwambia baba yake yatadumu miaka kumi. Hata mwaka haukutimia, mtoto akarudi meno yanacheza kinywani, akikohoa yanamtangulia. Nikamlaumu kwa kuyavua vua. Mzee Ruhaga akanisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akaniuliza kama viatu vya shule vya mwaka jana bado vinamtosha yule mtoto. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita bila kufikiri kwamba taya nalo linakua.

Basi sikieni, hili mlitunze. Uso wa kijana haukui kama maandazi kwenye mafuta, kila upande kwa pamoja. Upana humaliza kwanza, urefu humaliza mwisho. Taya la juu hutangulia kutulia, taya la chini huchelewa, halafu katika ule mwaka mtoto anaporefuka ghafla nalo hutoka mbio. Wasichana huwahi, wavulana hufuata mwaka mmoja au miwili nyuma, na kidevu cha mvulana huweza kuendelea kusogea hata baada ya kumaliza kidato cha nne. Ndiyo maana mvulana wa miaka kumi na mitatu huonekana kama ameazima pua ya mjomba wake. Msimcheke, wengine hupewa na masikio.

Nilihamia Kasulu nikiwa na nywele nyeusi bado, na huko ndiko nilikokutana na Daktari Kokugonza, bingwa wa kupanga meno, mama wa Kihaya mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Alikuwa akitoka Mwanza mara mbili kwa mwaka kuja kuona watoto wetu. Sisi tulichukua umbo la meno, tukalimimina kwa plasta, tukalifunga kwenye boksi la biskuti na kulituma kwa basi, na yeye alitengeneza plati huko kwao na kuzirudisha kwa basi hilohilo. Kondakta mmoja aliwahi kufungua boksi kwa udadisi, akakuta mataya sita yanamkenulia. Tangu siku hiyo mizigo yetu haikuchelewa hata mara moja.

Ni yeye aliyenifundisha kupima nyuso. Alinipa kalipa, ile ya chuma ambayo mafundi wa gereji hupimia bomba, akanionyesha: kutoka kati ya macho hadi chini ya kidevu, kutoka chini ya pua hadi chini ya kidevu, shavu hadi shavu, kisha rula ndogo ya kupima meno ya juu yametangulia ya chini kwa milimita ngapi. Unaandika leo, unaandika baada ya miezi miwili, mpaka uone uso unakwenda wapi. Akanionya kwamba ngozi si mfupa, nisije nikajivuna na milimita mbili. Nikaitikia ndiyo daktari, nikajivuna.

Nilipima kila kilichoingia mlangoni. Mtu mmoja alikuja na jino linalouma, nilipomwekea kalipa usoni akauliza kwa upole kama hali yake ni mbaya kiasi cha kuanza kuchukua vipimo vya jeneza. Niliwahi kugundua kwamba watoto wa kijiji cha Muyama hupanuka mashavu ghafla kila mwaka, nikaandika ugunduzi huo kwa wino mwekundu, mpaka muuguzi mwenzangu akaniambia huo ni msimu wa kuvuna maharage. Lakini aibu hizo hazikunitibu. Nilikuwa nimeshaomba nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa watu wa meno wa kanda, na ndoto yangu ilikuwa kusimama mbele na jedwali langu, nikionyesha sehemu gani ya uso ni kazi ya plati na sehemu gani ni kazi ya Mungu.

Ndipo wakaja Bukuru na Butoyi.

Kwa mgeni niseme kwamba kwetu huku, kwa Waha na kwa jirani zetu Warundi, mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza kutoka ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, mjadala umefungwa. Hawa walikuwa wavulana wa miaka kumi na mitatu kutoka Nyakitonto, wamefanana hata nzi asingejua atue kwa nani. Mama yao, Mama Bukuru, alikuwa akiuza dagaa na maharage gulioni. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Sasa ni raia, na kitambulisho chake alikihifadhi ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Wote wawili meno ya juu yalikuwa yametangulia milimita kumi na moja na kidevu kimebaki nyuma, midomo haifungi. Butoyi alikuwa ameshavunja ncha ya jino moja kwenye mpira, kwa sababu meno ya namna hiyo ndiyo hufika chini kabla ya pua. Mama alisema anachotaka ni wanawe wafunge midomo kama watu wengine na wabaki na meno yao. Hakutaka urembo. Nilimweleza kwamba ipo plati inayolishika taya la chini mbele wakati mtoto anakua, lakini ina msimu wake: ukimpata mvulana katika ile miaka miwili anaporefuka, unafaidi. Ukichelewa, kinachobaki ni kung'oa meno mazima, au kisu cha madaktari wa Dar es Salaam, ambacho mama yule asingekifikia hata kwa kuota.

Nilipotoa kalipa, alinishika mkono. Akasema baba yake aliwahadithia kwamba huko walikotoka, zamani, watu walipimwa pua na wakoloni ili wagawanywe makabila, na kwamba baada ya kupimwa pua hawakuishi tena kama majirani. Nilicheka kidogo, nikamwambia atulie, mimi napima kidevu. Akaniachia mkono. Kicheko kile ningekirudisha leo kama ingewezekana.

Sasa hapa msogee karibu, maana nitasema jambo ambalo halipo kwenye jalada lolote. Daktari Kokugonza aliniambia kwenye simu kwamba ana nafasi ya plati mbili kupitia msaada wa kanisa, nitume maumbo ya wote wawili. Nikamjibu kwamba mama amekubali mmoja tu. Kisha nikamgeukia mama nikamwambia kwamba imepatikana moja tu. Nilidanganya huku na huku, tena kwa ufasaha. Nilishaona kichwani mwangu lile jedwali: pacha mwenye plati, pacha asiye na plati, nyumba moja, ugali mmoja, damu moja. Watu wa vitabu hutafuta kitu kama hicho maisha yao yote, nami nilikuwa nimeletewa na bodaboda.

Mama alisema kama ni moja basi aheri isiwepo. Nikamshawishi kwamba Bukuru ni mkubwa, atangulie, na ya Butoyi itafuata. Mwisho akasema, "Ego, dokta. Wewe ndiye unayejua." Naandika maneno yake kama alivyoyasema, na hiyo ego kwao ni ndiyo, ili mjue aliniamini.

Plati yenyewe ni kipande kimoja cha plastiki ya pinki, kinene, chenye waya mbele. Haibani jino lolote, inakaa kinywani kwa kulegea, na ili itulie lazima utoe taya la chini mbele. Huvaliwa usiku na saa za mchana ambazo mtoto hali na hasemi sana. Ili kuitengeneza unahitaji mtoto ang'ate nta taya likiwa mbele, ujue litakaa wapi. Nta ya hospitali ilikuwa imekwisha, nikatumia nta ya nyuki kutoka Kibondo. Sikuisafisha vizuri, asali ilibaki. Bukuru aling'ata kama nilivyomwagiza, akatafuna, akameza kipimo. Ilibidi turudie mara tatu, na nina hakika mara mbili za mwisho alifanya makusudi.

Plati ilipofika, vijana waliipa jina la sabuni kwa jinsi ilivyofanana na kipande cha sabuni ya kuogea. Nikawapangia kuja kila baada ya wiki sita, wote wawili. Butoyi nilimwambia anakuja kumsindikiza ndugu yake. Nikampima naye kila safari, na kwenye daftari langu sikuandika jina lake. Niliandika "wa kulinganisha".

Miezi minne ikapita. Meno ya Bukuru yakaanza kurudi, kidevu kikasogea. Nikafurahi. Nikampima Butoyi, naye vilevile. Nikaikagua kalipa kwa kupima msumari. Kalipa ilikuwa nzima.

Safari iliyofuata Butoyi alikuwa na kidonda ndani ya shavu, kidogo, kirefu, kimenyooka. Ninyi mnaosoma sasa mmeshajua ni kidonda cha nini. Mimi, mtaalamu wa miaka mingi, niliandika upungufu wa vitamini. Nikamwagiza mama ampe matunda. Mama akasema kwake parachichi zimejaa mpaka nguruwe wanazisusa. Nikaamua basi ni ukungu wa kinywa, nikampaka jivii, ile dawa ya zambarau inayofanya mtoto aonekane amelamba kalamu, nikampa na chupa akapakwe nyumbani.

Walipokuja tena, plati ya Bukuru ilikuwa imegeuka zambarau upande mmoja. Nilimkalisha Bukuru kitako nikampa somo refu juu ya kula matunda ya zambarau huku amevaa kifaa cha tiba. Bukuru aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Butoyi alikuwa anatazama dirishani kwa bidii sana. Watoto wale walilelewa vizuri, walijua kumwachia mtu mzima akosee kwa utulivu.

Mwezi wa kumi tangu plati ifike, jedwali langu lilikuwa tayari. Meno ya Bukuru yalikuwa yametangulia milimita saba badala ya kumi na moja, ya Butoyi saba na nusu. Urefu wa uso uliongezeka sawasawa, kidevu kilisogea sawasawa. Nilikaa na zile namba jioni nzima na nikafikia hitimisho lililoninyanyua kutoka kwenye kiti: plati haifanyi kitu. Kukua kunatosha. Mabingwa wote wanajisumbua, na aliyewagundua ni tabibu wa Kasulu. Nilianza hata kuandika hotuba. Ilikuwa na maneno "kinyume na inavyoaminika" mara nne.

Jumatano moja Mama Bukuru akaja peke yake, bila miadi. Alikaa kwenye benchi mpaka foleni ikaisha, akaingia akiwa na kapu la dagaa, akaniamkia, nikaitikia.

"Dokta, ile ya Butoyi imefika?"

Nikamwambia bado.

"Nilikuwa nataka niulize, kwa sababu Bukuru anakwenda kusoma Busunzu, atakaa kwa mjomba wake. Anaondoka Jumapili. Sasa sabuni ni moja. Akienda nayo, huyu mdogo atabaki bila."

Nikamuuliza Butoyi anabakije bila kitu ambacho hana. Alinitazama kama anayemwangalia mtu aliyeuliza mvua inatoka upande gani. Kisha akanieleza, polepole, kwa huruma. Wiki moja Bukuru huvaa usiku na Butoyi huvaa mchana baada ya shule. Wiki inayofuata wanabadilishana. Anayevua anaiosha kwa maji ya moto na chumvi, anampa mwenzake. Imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Ile waya ilikuwa ikimkwaruza Butoyi shavuni, mpaka akaizoea.

"Kwetu mapacha hawapewi kimoja," akasema. "Ukimpa mmoja ukamnyima mwenziwe, aliyenyimwa anaugua. Nilijua unajua. Si ulikuwa unawapima wote?"

Nilikaa. Hotuba yangu ilikuwa mezani, karatasi sita. Vijana, nimewahi kuvunja jino likabaki nusu kwenye taya la mkuu wa polisi, nimewahi kumwagia plasta suruali ya padri, lakini aibu kama ile sikuwahi kuionja. Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na uongo uliokomaa, unangoja kuchumwa tu. Lakini mama yule alikuwa amekuja kwa pikipiki kutoka Nyakitonto kuulizia plati ambayo mimi mwenyewe niliikataa, na mwanawe alikuwa na miaka kumi na minne, anarefuka kila wiki, msimu wake unakwisha mbele ya macho yangu.

Nikamwambia. Kwamba zilikuwa mbili. Kwamba nilikataa ya pili ili Butoyi abaki hivyohivyo, nione tofauti. Sikupamba.

Hakupandisha sauti. Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

"Dokta, una watoto wangapi?"

"Wanne, Mama."

"Yupi ulimnyima, uone atakuwaje?"

Alisimama, akachukua kapu lake, akasema Jumapili asubuhi atapita na wote wawili, akatoka.

Nilimpigia simu Daktari Kokugonza. Nikamweleza yote. Ile nafasi ya pili alishampa mtoto mwingine, Sengerema. Mpya ingepatikana baada ya miezi mitano. Kisha kwa ile sauti yake ndogo akaniambia mambo matatu juu yangu ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wajukuu zangu wanajua kusoma. Alipokwisha akauliza, "Kopo la kupikia unalo?"

Nilikuwa nalo. Mzee Ruhaga alipofariki mjane wake alinipa lile kopo la shaba, nami nililitumia miaka yote kuwekea misumari. Alhamisi nikamfuata Butoyi shuleni, nikamleta, nikamkalisha kwenye kiti. Nikachukua umbo la meno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nikamng'atisha nta, hii nikiwa nimeisafisha mara mbili. Akauliza kama sasa atavaa mchana na usiku. Nikasema ndiyo. Akauliza na Bukuru je. Nikasema na Bukuru vilevile, kila mtu na yake. Akafikiri kidogo.

"Basi tutachoka," akasema.

Ijumaa nilikunja waya, nikapanga plasta, nikachanganya unga wa pinki, nikachukua sufuria ya ugali ya mke wangu bila kumwambia na nikaanza kuchemsha. Nilikuwa na haraka, nikakoleza mkaa. Kitu kilichotoka kwenye kopo kilikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina, na kilipoguswa kikapasuka. Hapo ndipo nilipomwelewa Mzee Ruhaga, miaka ishirini baada ya mazishi yake. Nikaanza upya kwa moto mdogo, nikakaa pembeni ya jiko kwenye kigoda kama anayechunga maziwa, mke wangu akinieleza thamani ya sufuria ile na mahali aliponunua. Jumamosi mchana nikafungua kopo. Ilikuwa nzima. Haikuwa nzuri kama ya Mwanza, ilikuwa nene zaidi na rangi yake iliegemea kwenye nyama mbichi, lakini ilikuwa nzima.

Jumapili walipita kabla ya basi. Nikaisugua kingo mpaka Butoyi akaacha kukunja uso, nikamwambia afunge mdomo, taya likaja mbele likatulia. Bukuru alimtazama ndugu yake, akatoa ya kwake mfukoni, akaivaa. Wakasimama pale wawili, hawawezi kusema vizuri, wanacheka kwa pua. Mama aliwakagua, akaniambia asante. Hakuongeza "dokta". Nikaona ni haki.

Kwenye mkutano nilikuwa nimeshaandikwa kwenye ratiba. Nilisimama, nikawaambia jedwali langu limeliwa na mapacha na kwamba sijui kitu, nikakaa. Waliniambia ndiyo hotuba fupi na nzuri kuliko zote za siku hiyo.

Swali lenu, basi. Kidevu cha kijana hukua chenyewe, plati iwepo isiwepo. Taya lina ratiba yake na haliombi ruhusa kwa fundi. Plati huyapa meno mahali pa kukutana wakati taya linasogea, hurudisha ya juu, husogeza ya chini, na pengine hulisaidia taya kidogo. Kidogo hicho ni kiasi gani, mabingwa wanabishana bado, wengine kwa hasira. Mtu akikuambia amejenga uso wa mtoto kwa plati, mwulize mtoto alikuwa na umri gani. Mtu akikuambia usihangaike, mtoto atakua tu, mwulize na yeye alipimaje. Mimi nilikuwa nayo nafasi ya kuwajibu vizuri zaidi ya hapo, tena nafasi safi, na nashukuru iliharibika.

Butoyi alivaa ya kwake miezi kumi na minne. Bukuru alivaa yake huko Busunzu, mjomba akisimamia kwa fimbo ya maneno. Likizo ya kidato cha pili walikuja wote na mama yao, wamerefuka mpaka wakainama mlangoni. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja nistaafu. Niliwaangalia meno kwa macho, nikajaribisha midomo, ikafunga bila kulazimishwa, ya mmoja na ya mwingine. Ile ncha ya jino la Butoyi niliiziba. Nikawaambia plati zimefanya kazi yake, wazipumzishe.

Kalipa ilikuwa kwenye droo, na mimi, kusema kweli, mkono uliniwasha. Mama Bukuru alikuwa amesimama karibu na meza, akiwatazama wanawe kwa upande, kwanza huyu, halafu yule.

"Sasa dokta," akasema, "nani kidevu chake kimemzidi mwenziwe?"

"Sijui, Mama. Sikupima."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Ego," akasema. "Usipime."